Nyanya mbichi na baridi ya Juni

Maswali ya wasomaji kuhusu bustani, kutoka Lubumbashi

Mvua ikishakatika mwezi wa nne, ninajua tayari barua zitakazokuja. Mwezi wa tano watu wanauliza maji, mwezi wa sita wanauliza nyanya. Mwaka huu za nyanya zimejaa mezani kwangu, na karibu zote zina kilio kimoja: tunda limekuwa kubwa, limeshiba, lakini limebaki kijani, na usiku umekuwa baridi. Nimechagua chache. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu mama aliyeiandika yuko katikati ya shida yake leo hii.

SWALI. Jambo Mama. Mimi ni mama wa mapacha, nakaa Katuba. Nalima kipande kidogo bondeni, kando ya mto Kafubu. Nyanya zangu za kwanza ziliuawa na mildiu, ule ugonjwa wa mabaka, mwezi wa kwanza, nikapandikiza tena mwisho wa Februari, aina ya Roma. Sasa ni wiki ya kwanza ya Juni. Miche imejaa matunda ya kijani, mengi ukubwa wa yai la kuku, na matatu manne tu ndiyo yameanza kugeuka. Kisima kimeshuka, majani ya chini yamekauka, na asubuhi umande unauma vidole. Jirani mmoja ananiambia nichume zote niuze hivyo hivyo kwa bei yoyote. Mwingine anasema niziweke chumbani tunakolala, niwashe mbabula, jiko la makaa, usiku zipate joto. Ni kama ndoo sita. Nisaidie kabla sijapoteza yote.

JIBU. Mama wa mapacha, naanza na mbabula, kwa sababu hiyo haiwezi kungoja. Usiiwashe kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wanalala. Makala, yaani makaa, yanapoungua hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Inashika damu badala ya hewa safi, mtu anaona usingizi tu, na wengine hawaamki. Watoto wadogo inawawahi. Ukiwa umeshafanya hivyo usiku mmoja na mkaamka na kichwa kizito, hiyo ndiyo iliyokuwa inawaumiza. Nyanya utapanda nyingine. Na hata kwa nyanya zenyewe mbabula haifai: inaunguza hewa kwa saa mbili, halafu saa nane ya usiku imezimika na chumba kimekuwa baridi kama nje. Nyanya inataka joto dogo lisiloyumba.

Sasa tuingie shambani. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu joto hushuka mpaka nyuzi 7 au 8 hivi, na bondeni linashuka zaidi kuliko mjini, kwa sababu hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kulala kwenye mabonde. Chini ya nyuzi 10 nyanya inasimama, haiendelei kuiva. Ikipata usiku wa namna hiyo mwingi mfululizo, inaumia ndani bila kuonyesha nje. Baadaye hata ukiipa joto inageuka kwa mabaka, haina ladha, na ukungu mweusi unaingia kuanzia kwenye kikonyo. Kwa hiyo walioniandikia kutoka mahali pa juu, wenye maji na miche yenye afya, wanaweza kuziacha kwenye mche na kuchuma kidogo kidogo, maana mchana jua bado lipo. Wewe uko bondeni, na maji yanakwisha. Chuma wiki hii.

Lakini usichume kila kitu kwa pamoja na kukirundika. Mimi niliwahi kufanya kosa hilo, mwaka wangu wa tatu wa kulima. Nilisikia baridi inakuja, nikachuma mche mzima mzima, vidogo kwa vikubwa, nikajaza magunia mawili na kuyaegemeza kwenye ukuta wa stoo. Nilipoyafungua baada ya wiki mbili, theluthi moja ilikuwa nyekundu. Nyingine zilikuwa zimekunjamana, za kijani bado, laini kama mpira uliotoka upepo, na chini ya gunia maji yananuka. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilijua nilizitunza vizuri. Baadaye mama mmoja mzee, jirani yangu wa shamba, akaniuliza swali moja tu: «Ulizikata ukaangalia mbegu?» Sikuwa nimekata hata moja.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Nyanya pevu, hata ikiwa kijani kabisa, itaiva mahali popote utakapoiweka penye joto la kutosha. Nyanya changa haiivi. Inazeeka tu, na mwisho inaoza. Mtu haongezi upevu kwenye katoni. Upevu unatoka kwenye mche peke yake.

Fanya hivi. Chukua nyanya tano za ukubwa tofauti, utoe sadaka hizo tano. Kaa kwenye ngazi ya jikoni penye mwanga, na kisu chenye makali kweli, kwa sababu kisu butu kitakudanganya. Ilaze nyanya ubavu, uikate katikati, kikonyo kibaki upande mmoja na kitako upande wa pili. Usitazame rangi. Tazama mbegu. Kama vyumba vya ndani vimejaa ute, na kisu kilipopita mbegu ziliteleza kando, hakuna hata moja iliyokatwa, hiyo ni pevu. Iguse kwa ncha ya kidole: ute unavutika, mbegu inahama. Pengine utaona hata wekundu kidogo umeanza katikati wakati ngozi bado ni kijani kitupu. Hiyo imebakiza siku chache tu. Lakini ukikuta ndani pakavu, nyama nyeupe ngumu, mbegu zimekatwa vipande viwili na kubaki zimeshikamana mahali pake, hiyo ni changa, na zote za ukubwa ule na sura ile ni changa.

Ukishakata tano utaanza kuzijua kwa nje. Pevu inang'aa kama imepakwa mafuta, na kitako chake kimekuwa cheupe-cheupe, kijani kilichochanganyika na maziwa. Changa ni ya kijani iliyofifia, ngozi haing'ai, na ukiipima mkononi ni nyepesi kuliko ulivyotegemea. Hesabu ya maua nayo inasaidia. Kutoka ua kushika mpaka tunda kupevuka ni siku 40 hadi 50 hivi, na wakati wa baridi huongezeka. Kwa hiyo yaliyotokana na maua ya katikati ya Aprili sasa yamepevuka au yako karibu. Yaliyotokana na maua ya Mei, hata yawe yanene namna gani, ni watoto.

Chuma mchana, umande ukishakauka, na usizioshe. Ng'oa kikonyo, kwa sababu kikonyo kikikauka kinakuwa msumari unaotoboa jirani yake. Tenga mafungu matatu: zilizoanza kugeuka, zilizo pevu za kijani, na changa. Fungu la nne, la kutupa mbali na shamba, ni zile zenye baka la kahawia kama limelowa mafuta, gumu ukiligusa. Hiyo ni mildiu, ile ile iliyokuulia za Januari. Moja ikiingia kwenye katoni itakula zote. Nakushauri hata zile zinazoonekana safi uziweke siku tatu kando, kwenye mkeka mahali pakavu ndani ya nyumba, kisha uzipitie tena moja moja, kwa sababu baka la mildiu linaweza kuwa limejificha siku ya kuchuma.

Baada ya hapo, katoni. Zile za ndizi au za sabuni zinafaa, mradi ni kavu. Tandika gazeti chini, panga nyanya safu moja, kitako juu, zisibanane. Safu ya pili unaweza kuiongeza juu ya gazeti jingine, ya tatu usithubutu. Katikati weka ndizi moja iliyoiva, ya manjano, bado ngumu kidogo. Ikianza kuwa nyeusi, itoe uweke nyingine. Ndizi inayoiva inatoa gesi iitwayo ethilini, na nyanya ikiinusa inapata habari kwamba wakati umefika. Ikianza kugeuka yenyewe nayo inatoa gesi hiyo hiyo na kuwaambia wenzake. Ndiyo sababu zile tatu nne zako zilizogeuka usizile leo. Zigawe, moja kwa kila katoni, zifanye kazi ya ndizi. Papai, avoka na marakuja zinazoiva zinafanya vile vile.

Funika kwa gazeti, usifunge kwa plastiki. Ndani ya plastiki nyanya inatoa jasho, na jasho ndiyo mwanzo wa ukungu. Fungua kila siku kidogo, hewa ibadilike, na kila baada ya siku mbili zipitie zote kwa mkono. Moja ikilainika vibaya, itoke.

Mahali pa kuweka katoni ni shauri la nyumba yako. Joto linalofaa ni kama nyuzi 18 hadi 21, mchana na usiku. Sakafu ya sementi hapana, inavuta baridi. Chini ya mabati yasiyo na dari hapana, mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Kwangu mimi ni juu ya kabati la jikoni, mbali na mlango, ukuta upande wa ndani wa nyumba. Watu wanapika pale mchana, joto linapanda juu na kubaki. Usiku nazungushia katoni blanketi kuukuu, na ndani, pembeni, naweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa isiguse nyanya. Mpaka asubuhi bado kuna uvuguvugu. Kazi hiyo yote inatumia makala kiasi kile kile ulichokwisha kuwasha kwa chakula cha jioni.

Zilizoanza kugeuka zitakuwa nyekundu ndani ya siku tatu mpaka wiki. Pevu za kijani, katika joto hilo, wiki mbili hivi. Ukiziweka mahali penye ubaridi kidogo, nyuzi 13 au 14, zitachukua mpaka wiki nne. Tumia hiyo kwa faida yako: katoni mbili juu ya kabati, mbili kwenye chumba chenye ubaridi kidogo lakini kisicho baridi ya nje, na kila wiki unapandisha moja. Hivyo utakuwa na ndoo moja moja ya kupeleka soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, badala ya kumwaga ndoo sita za kijani siku moja mbele ya mnunuzi anayejua umebanwa. Huyo jirani wa kwanza hakukosea kwamba uuze. Amekosea siku.

Sitakuambia zitakuwa tamu kama zile za jua la Aprili. Sukari inatoka kwenye majani, na baada ya kuchumwa haiongezeki. Lakini kwa kupika na ndagala, au kwa supu ya sombe, hakuna mtu mezani atakayejua.

Mwaka ujao, ukiona Aprili imefika katikati na bado miche inachanua, kata vilele vyote na ung'oe maua mapya, mwezi mmoja na nusu kabla ya baridi. Inauma kung'oa ua, najua. Lakini kila ua la Mei linanyonya chakula cha tunda la Aprili, na lenyewe halitafika popote.

SWALI. Mama shikamoo. Mimi ni kijana wa Kampemba, nauza nyanya za jumla. Napokea za kutoka Kasumbalesa na za hapa hapa. Kipindi hiki zinakuja kijani nyingi. Wenzangu wanatumia mawe ya kabaidi, yale ya wachomeaji vyuma. Wanayafunga kwenye karatasi, wanaweka chini ya kasha, wanafunika na hema, na kesho kutwa zimegeuka. Mimi bado sijafanya. Ni kweli ni sumu, au ni maneno ya watu?

JIBU. Marahaba mwanangu. Ni kweli, na nashukuru kwamba uliuliza kwanza.

Kabaidi ikipata unyevu, hata ule wa nyanya zenyewe, inatoa gesi ya asetilini, ile ile inayowaka kwenye bomba la mchomeaji. Asetilini inaigiza kazi ya ethilini, ndiyo maana rangi inakuja. Lakini kabaidi ya viwandani si safi. Ndani yake mara nyingi mna mabaki ya aseniki na fosforasi, na yanapotoka na gesi hiyo yanakuwa sumu kwa yule anayeinama kufunua hema, kabla hata ya mlaji. Huyo anayeinama ni wewe. Yeye ndiye mwenye kukohoa, macho kuwasha, kichwa kuuma. Na asetilini iliyojikusanya chini ya hema inalipuka kwa cheche moja. Mtu akiwasha sigara hapo, kasha zote na watu wake wanaungua. Nchi nyingine, kama India, zimeikataza kabisa kwa matunda.

Tena inadanganya biashara. Nyanya changa iliyogeuzwa kwa kabaidi inapata rangi nje, lakini ukiikata ndani ni nyeupe na mbegu zimeshikana. Mama atakayeipeleka nyumbani atakata kipande cha kwanza, na atakumbuka uso wako.

Fanya kazi yako mwanzoni, pale unaponunua. Beba kisu. Katika kila gari kata nyanya tatu kutoka chini ya kasha, si za juu zilizopangwa kwa macho. Kama ni pevu, nunua. Kama mbegu zinakatika, teremsha bei au acha. Pendelea zilizoanza kugeuka kitakoni: nyanya iliyochumwa ikiwa imeanza tu rangi inaiva ikiwa karibu sawa na iliyoivia kwenye mche, na inavumilia barabara vizuri kuliko nyekundu. Kutoka Kasumbalesa mpaka hapa ni karibu kilomita 90, na nyekundu zinafika zimelia. Halafu tafuta chumba kimoja kisicho na upepo, panga kasha juu ya mbao, acha nafasi ya mkono kati yake, weka mkungu wa ndizi zinazoiva katikati ya chumba, na kila asubuhi fungua mlango robo saa. Itakuchukua siku tano au sita badala ya mbili. Zigawe kwa mafungu ili kila siku uwe na lililo tayari.

SWALI. Jambo dada yangu. Mimi ni mzee wa Ruashi, lakini nimezaliwa Kivu, upande wa Kabare. Kwetu ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi, tunaziivisha shimoni. Tunachimba, tunatandika majani ya migomba, tunaingiza moshi, tunafunika kwa udongo, na baada ya siku chache zimeiva zote kwa pamoja. Nimefikiri kufanya hivyo na nyanya za mke wangu. Watoto wanasema ni mambo ya zamani. Wewe unaonaje?

JIBU. Papa, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu wazee wetu walikuwa wakitumia ethilini bila kuijua kwa jina. Moshi wa majani na kuni una gesi hiyo ndani yake. Shimo lililofunikwa linaizuia isitoroke, udongo unashika joto, na ndizi zenyewe zikianza kuiva zinaongeza yake. Huko Saint Petersburg, mwaka 1901, Mrusi mmoja aitwaye Dimitri Neljubov alionyesha kwamba ethilini ya taa za gesi ndiyo iliyokuwa ikipotosha miche yake ya njegere. Na ilikuwa mpaka mwaka 1934 ndipo Richard Gane, huko Uingereza, alipothibitisha kwamba tofaa linaloiva linaitengeneza gesi hiyo lenyewe. Waambie watoto kwamba hayo ya zamani yana maelezo yake.

Hata hivyo, nyanya usiizike. Ndizi ina ganda nene, na hata ikilainika shimoni haina neno, kwani inakwenda kukamuliwa. Nyanya ina ngozi tu, na shimo lina unyevu. Siku ya kufunua utakuta zimepasuka na kuota ukungu. Kuna na sababu ya pili. Shimo linapata joto kali. Rangi nyekundu ya nyanya ni likopeni, na likopeni haitengenezwi vizuri joto likipita nyuzi 30. Nyanya italainika, lakini itabaki ya manjano au ya machungwa. Umeiona hiyo hapa mjini mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali kabla ya mvua: nyanya laini, rangi hafifu mabegani, na watu wanasema mbegu ni mbaya. Mara nyingi mbegu haina kosa.

Chukua akili ya shimo uiache shimo lenyewe. Katoni ni shimo lako, gazeti ni majani ya mgomba, ndizi moja ya manjano ni moshi.

SWALI. Dada, mimi nimepanga zangu dirishani zipate jua, kama wiki mbili sasa. Upande wa jua zimekunjamana, upande wa pili bado kijani. Na zile nilizoweka kwenye friji hazijabadilika kabisa. Shida ni nini? Msomaji wa Kamalondo.

JIBU. Dada, nyanya iliyochumwa haihitaji jua hata kidogo. Inahitaji joto. Kwenye kioo mchana inaungua upande mmoja, na usiku kioo hicho hicho ni baridi kama bati. Ziondoe leo, uziweke gizani kwenye katoni. Za kwenye friji nazo zitoe. Friji ina nyuzi 4 au 5, pale nyanya ya kijani haitageuka mpaka iharibike. Kama zimekaa humo siku mbili tatu, bado zinaweza kupona. Kama ni wiki mbili, zipike.

SWALI. Jambo Mama. Nakaa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, nina bustani nyuma ya nyumba. Nimekata kama ulivyosema mwaka jana, na fungu langu la changa ni kubwa. Kuna wanaosema nyanya ya kijani ina sumu. Nizitupe? Na swali la pili: nyanya iliyoivia ndani ya katoni, naweza kutoa mbegu?

JIBU. Usizitupe. Nyanya ya kijani ina kitu chungu kinachoitwa tomatini. Mche unajikinga nacho dhidi ya wadudu. Kiko zaidi kwenye majani na mashina, kwa hiyo majani ya nyanya usiyapike kama mboga. Katika tunda kinapungua kadiri linavyopevuka na kuiva. Vinyanya vidogo kabisa, vya ukubwa wa marumaru, viache. Vikubwa zaidi, vilivyopikwa na kuliwa kwa kiasi pembeni ya bukari, watu wanavila sehemu nyingi za dunia bila shida. Tumbo la mtoto mdogo ni jepesi, huyo usimpe nyingi.

Mimi ninazitengeneza achari. Kilo moja ya nyanya za kijani nazikata vipande vyembamba, nanyunyizia kijiko kimoja cha chumvi, naziacha usiku kucha kwenye beseni. Asubuhi zimetoa maji mengi ya kijani, nayamwaga, na uchungu mwingi unakwenda nayo. Nazikamua kwa mikono. Naweka kwenye sufuria na vitunguu viwili vikubwa, kipande cha tangawizi, pilipili kali nzima isiyopasuka, kikombe kimoja cha siki na nusu kikombe cha sukari. Moto mdogo, makala machache, saa nzima hivi, nikikoroga mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia inayokawia kufunga. Natia ikiwa ya moto kwenye chupa nilizochemsha. Pamoja na samaki wa kukaanga, au maharage tu siku hakuna samaki, inatosha kidogo sana.

Kuhusu mbegu, ndiyo, mradi nyanya ilikuwa pevu ulipoichuma na imekuwa nyekundu kabisa. Iache hata siku tatu zaidi baada ya kuwa nyekundu, mpaka iwe laini. Chagua iliyotoka kwenye mche uliokuwa na afya, usitoe mbegu kwenye mche ulioguswa na ugonjwa hata kama tunda ni zuri. Na uwe na uhakika wa aina: Roma ya kawaida itazaa Roma, lakini zile chotara zinazouzwa kwenye pakiti ndogo hazitarudi zilivyokuwa.

Kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku tatu. Sasa hivi kwa baridi hii inaweza kuchukua nne au tano. Ngoja mpaka utando utande juu na ule ute uachane na mbegu. Ongeza maji mengi, koroga, mwaga zile zinazoelea. Zilizozama ndizo zako. Zisafishe, uzitandaze kwenye sahani kivulini. Si kwenye karatasi, zitagandamana nayo. Zigeuze kwa kidole asubuhi na jioni mpaka zikauke kama mchanga. Kisha uzitie kwenye bahasha, bahasha kwenye chupa yenye kifuniko, mahali pakavu pasipo joto. Zikikaa vizuri zinaota hata baada ya miaka minne. Andika aina na mwezi juu ya bahasha kabla hujaifunga, kwa kalamu isiyofutika.